Shajara ya tovuti ya Mjomba

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nimeshuka Keko, hapa Dar es Salaam, kwenye karakana ya samani ya Mjomba, saa nne asubuhi. Shikamoo, marahaba, kikombe cha chai ya tangawizi, na Mjomba hakungoja hata niketi: "Mpwa, tovuti yangu ina nini? Mteja kanipigia anasema kaifungua, kakuta kamari."

Nikaifungua kwenye simu. Kweli. Juu kuna jina la karakana na picha ya kitanda cha sita kwa sita, chini yake viungo vya kasino vimejipanga kama siafu, kwa lugha ambayo sikuitambua. Nilipochungulia ndani nikakuta Joomla 3, toleo la programu ya kuendeshea tovuti ambalo watengenezaji wake waliacha kulihudumia tarehe 17 Agosti 2023. Mlango umekaa wazi karibu mwaka na nusu. Wezi hawakuhitaji hata kubisha hodi.

Joomla, kwa asiyejua, ni jina letu. Mwaka 2005 waandishi wa mfumo ulioitwa Mambo walijitenga na wenye jina hilo, wakachukua neno la Kiswahili, jumla, wakaliandika kama linavyosikika kwenye sikio la Kiingereza. Nikamsimulia Mjomba nikidhani atafurahi. Akasema, "Jumla? Mimi mbona nauza rejareja."

Aliyeitengeneza ni kijana mmoja wa mtaani, alilipwa, akakabidhi, akapotea. Nywila zote anazo yeye. Domeini, yaani anwani ya tovuti, ile ya .co.tz, imesajiliwa kwa barua pepe yake, siyo ya Mjomba. Na domeini hiyo imeandikwa kwa rangi nyekundu pande zote mbili za kirikuu inayopeleka vitanda kwa wateja, kwa hiyo kubadilisha jina siyo jambo la kubofya tu.

Nimejipa kazi: tovuti mpya kabla ya Idi, maana msimu wa oda unaanzia hapo. Na nimeamua kuandika kila hatua, nisije nikajidanganya baadaye.

Jumapili, 12 Januari

Nimempigia Mjomba kumweleza njia tatu zilizopo. Ya kwanza, huduma za kujenga tovuti kwa kuburuta: unalipa kwa mwezi au mwaka, unapanga picha na maandishi kwa kidole, kila kitu kiko kwao. Ya pili, mfumo wa kusimamia maudhui kama WordPress au Joomla mpya, unaouweka kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia tovuti, unayolipia mwenyewe. Ya tatu, kuandika kodi mwanzo hadi mwisho.

"Kodi ipi tena?" akanikatiza. "Ya pango nimelipa hadi Juni. TRA nao nimemalizana nao."

Imenichukua dakika tano kumtoa huko na kumweleza kwamba kodi yangu ni maagizo yanayoandikwa kwa kompyuta. Lakini nilipokata simu nikabaki nikicheka na kuwaza: katika zile njia tatu, yenye kodi hasa ni ile ya kwanza.

Jumamosi, 18 Januari

Leo sikugusa kompyuta. Nimekaa kwenye benchi la karakana tangu asubuhi hadi alasiri nikiangalia kazi inavyokwenda. Nayaandika niliyoyaona maana naona ndiyo yatakayoamua.

Simu ya karakana anashika binti wa Mjomba, binamu yangu. Mteja anatuma picha kwa WhatsApp, mara nyingi ameitoa Instagram: "Nataka hiki, bei gani?" Binamu anauliza maswali mawili tu. Mbao gani? Saizi gani? Kitanda kile kile kikiwa cha mninga kina bei yake, kikiwa cha mkongo kina bei nyingine, mtiki nyingine, na kikiwa cha paini ni hadithi nyingine kabisa. Na bei za mbao hazitulii: mzigo ukichelewa kufika, au vibali vikikaza, mninga unapanda kabla hata wiki haijaisha.

Hakuna anayelipia mtandaoni. Mteja anakuja, anapitisha kiganja juu ya mbao, anagonga kwa kidole kusikia mlio, anatoa advansi kwa simu au taslimu, anaondoka. Kwa hiyo kikapu cha manunuzi, malipo ya kadi, akaunti za wateja, vyote hivyo ni mzigo usiohitajika. Kinachotakiwa ni picha nzuri, aina ya mbao, vipimo, bei ya kuanzia, kitufe cha WhatsApp, na ramani ya kumfikisha mtu Keko bila kupiga simu nne.

Na kinachotakiwa zaidi: binamu aweze kubadilisha bei akiwa amesimama, kwa Tecno yake, kwa bando lake, huku fundi anapiga randa pembeni na vumbi linaruka.

Jumatatu, 27 Januari

Mji una wageni wa mkutano wa nishati, barabara kadhaa zimefungwa, nimebaki nyumbani. Siku nzuri ya kujaribu njia ya kwanza.

Nimechukua huduma moja ya kuburuta, siku za majaribio bila malipo. Niseme ukweli ingawa unaniuma: baada ya saa mbili nilikuwa na ukurasa mzuri kuliko wowote niliowahi kutengeneza mwenyewe. Kiolezo kimepangwa na mtu anayejua kazi, picha zinakaa, maandishi yanapumua.

Yaliyonirudisha nyuma ni matatu. Bei iko kwa dola na inakatwa kwenye kadi. Mjomba hana kadi, na mimi sitaki tovuti ya karakana itegemee kadi yangu, siku nikiibadilisha kila kitu kizimike. La pili ni uzito: ukurasa niliojenga kwa mbwembwe, na mbwembwe ni zangu, ulichukua muda mrefu kufunguka kwa simu ya binamu hadi akaanza kujibu mteja mwingine. La tatu ni la kutoka. Baadhi ya huduma hizi hukuruhusu kubeba maandishi na picha. Nyingine, Wix kwa mfano, wanaeleza wenyewe kwamba tovuti iliyojengwa kwao haihamishiki kwenda seva ya mwingine. Unaondoka na ulichovaa. Na mwenye nyumba naye anaweza kuamua kubomoa: Machi 2024 Google ilizima tovuti zote zilizokuwa zimetengenezwa kupitia Google Business Profile, na wengi waliokuwa nazo walikuwa watu wa aina ya Mjomba hasa, wenye duka moja na simu moja.

Pamoja na hayo sizidharau. Mjomba angekuwa hana mimi wala binti yake, ningemwambia alipie hii na asilale akiwaza sasisho.

Jumamosi, 1 Februari

Njia ya pili. WordPress ilitoka Mei 2003, Matt Mullenweg na Mike Little wakiijenga juu ya programu ya blogu iliyoitwa b2, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaiendesha. Nimeiweka kwenye seva ya majaribio asubuhi, dakika kumi na tano.

Nilitaka kila kitanda kiwe na visanduku vyake: mbao, urefu, upana, bei. Plagini, yaani kijiprogramu cha kuongezea, ambayo wengi huitumia kwa hilo ni Advanced Custom Fields, na hapo nikakumbuka ule ugomvi. Tangu Septemba 2024 Mullenweg anavutana na kampuni ya WP Engine, ambayo ndiyo yenye plagini hiyo. Oktoba mwaka huo upande wa WordPress.org wakauchukua ukurasa wake na kuubatiza jina jipya, Secure Custom Fields. Tembo wawili wanapigana, na nyasi ni mimi ninayetafuta kisanduku cha kuandikia "mninga". Nikapiga alama ya kuuliza, nikaendelea.

Halafu nikafanya kosa. Nilinunua themu, yaani kiolezo cha mwonekano, yenye mapambo, nikaongeza plagini ya kuburuta juu yake, nikaipeleka Keko nikijisifu. Binamu nikampa zoezi dogo: badilisha bei ya kabati la milango mitatu.

Akaligusa sanduku la bei. Sanduku likashikwa na kidole chake, likasogea, safu nzima ya makabati ikashuka chini ya ramani. Akajaribu kulirudisha, picha ikapanuka hadi ikajaza kioo. "Kaka, nimeharibu?" Nikamwambia hapana. Akaigeuza simu kifudifudi juu ya benchi, akafuta mikono kwenye khanga, akaenda kuhesabu bawaba. Hakuigusa tena siku nzima.

Nikarudi nyumbani nimeshaamua: mfumo haumfai, nitaandika wangu.

Jumapili, 16 Februari

Wiki mbili za usiku. Nimetumia Laravel, kiunzi cha kuandikia tovuti kwa kodi, ndiyo inayonipa mkate kazini. Naorodhesha kilichopo: ukurasa wa kuingia, ukurasa wa kurejesha nywila, ngazi tatu za ruhusa kwa karakana yenye mtu mmoja anayeshika simu, na kipande cha kupunguza ukubwa wa picha kinacholaza vitanda ubavu, kwa sababu sijasoma ile taarifa ya mwelekeo ambayo simu huificha ndani ya picha.

Vitanda vinavyoonekana kwa mteja: sifuri.

Kinachokera ni kwamba karibu yote haya WordPress inayo tayari. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 inapunguza yenyewe picha inayozidi pikseli 2560. Tangu 5.5 inachelewesha kupakia picha ambazo msomaji hajazifikia. Tangu 6.7, Novemba iliyopita, inazigeuza picha za iPhone ziwe JPEG. Nimekesha nikivumbua gurudumu, na gurudumu langu lina pembe.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya maana kuliko zote, na ilianza kwa fundi kutofika. Mafundi wa Mjomba ni watano. Mmoja ameamka na homa, na alikuwa katikati ya kitanda kinachotakiwa Jumatatu. Nilidhani Mjomba atahamaki. Akamwita mwingine, akamwelekeza kwa kidevu kwenye mbao zilizoegemezwa ukutani.

Huyo mwingine hakuuliza kitu. Akaanza kuzigeuza moja moja akizisoma. Nikasogea. Kila kipande kina alama ya penseli: mkunjo mdogo unaoonyesha upande wa uso, herufi kwenye kona, na herufi ile ile kwenye kipande kinachopokea. Mstari mmoja unaonyesha patasi inaishia wapi, mwingine umekatwa na msalaba: usiguse. Dakika chache baadaye alikuwa anachimba tundu la ulimi kana kwamba ndiye aliyepima tangu mwanzo.

"Alama hizi kawafundisha nani?" nikamuuliza Mjomba.

"Ni za Keko nzima, mpwa. Fundi mwenye alama zake mwenyewe simpi kazi. Akiondoka ananiachia kuni."

Nilinyamaza. Yule kijana wa Joomla aliacha kuni. Na mimi, usiku kucha na Laravel yangu, nilikuwa nachora alama ambazo hapa mtaani nazisoma peke yangu. Nikipata kazi Dodoma, au nikiugua, au tukikosana tu na Mjomba kama ndugu wanavyokosana, nani atafungua yale mafaili?

Jioni nikawapigia wenzangu wawili wa fani. Swali moja: nikikuachia tovuti hii bila maelezo, utaishika? Kwa kodi yangu, mmoja aliniuliza nitamlipa nini, mwingine akacheka. Nikataja pia njia niliyokuwa nimeanza kuitamani, ya binamu kujaza jedwali la Google Sheets na programu kama Hugo au Eleventy kulisoma na kuzalisha kurasa kavu, nyepesi, zisizo na cha kudukuliwa. Kwa mtu wa fani ni raha tupu, na seva yake unaweza kuipata bure. Lakini katikati ya jedwali na ukurasa kuna mnyororo wa vipande vinne ambavyo ni mimi ninayejua vinashikanaje. Kwa WordPress ya kawaida wote wawili walijibu bila kufikiri: hiyo lete.

Basi ni WordPress. Siyo ile niliyompelekea binamu. Ile kavu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza upya, safari hii kazi kubwa ikiwa kuondoa. Themu ni ile inayokuja nayo, Twenty Twenty-Five. Plagini mbili tu: moja ya bakapu, nyingine ya kuhifadhi kurasa ili zifunguke haraka. Plagini ya kuburuta imekwenda. Visanduku maalumu navyo vimekwenda, pamoja na ugomvi wao: kila samani ni chapisho la kawaida, aina ya samani ni kundi, mbao ni lebo, na bei ni sentensi ya kwanza. "Kuanzia laki nane na nusu, mninga, sita kwa sita." Mtu wa fani ataona ni ushamba, data haijapangwa. Binamu anaona ni kama kuandika status.

Na anaandikia kwenye programu ya simu, siyo kwenye kivinjari. Humo ile plagini ya kuburuta haimo.

Fomu ya maulizo nimeifuta. Ingekusanya majina na namba za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya awajibike nazo. Kitufe cha WhatsApp kinatosha.

Seva nimechukua ya hapa nchini. Kwa mwaka haifiki bei ya meza moja ya sebuleni, inalipika kwa simu, na nakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu: tovuti nyingi za nje zilikuwa hazifunguki. Wateja wa Mjomba wako Mbagala, Tabata, Kigamboni. Sioni sababu ya kitanda cha Keko kuzunguka Ulaya kabla ya kufika Tabata.

Jumamosi, 15 Machi

Domeini. Barua pepe tatu kwa yule kijana, kimya. Msajili naye yuko sahihi: mwenye jina kwenye kumbukumbu zake ni kijana, siyo Mjomba. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta fundi wa rangi wa kuifuta kirikuu.

Mjomba akaniambia niache. Kijana ana mama, mama anasali msikiti mmoja na shangazi yangu. Baada ya futari ya Alhamisi akaja mwenyewe karakana, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameisahau tu; ile barua pepe haifungui tena. Kumbe anaoa baada ya Idi na hana kitanda. Wakakaa pembeni wakazungumza wawili, sikuitwa. Leo asubuhi domeini imeandikishwa kwa jina la Mjomba, kwa barua pepe ya karakana, na kwenye daftari la oda kuna kitanda cha mkongo, tano kwa sita, chenye bei ambayo Mjomba hakutaka niione.

Jumatano, 19 Machi

Iko hewani. Samani 22, picha amepiga binamu mwenyewe saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, kitanda kimetolewa nje na shuka jeupe limetundikwa nyuma.

Kurasa za kasino bado zinaonekana kwenye matokeo ya Google. Nimeiambia seva ijibu 410 kwa anwani zote hizo, yaani imeondolewa moja kwa moja, badala ya 404 ambayo maana yake ni haionekani tu, na nimeomba ziondolewe kupitia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti. Zitapungua polepole. Mashine za utafutaji zina kumbukumbu ya mke mwenza.

Jumamosi, 12 Aprili

Mninga umepanda. Nimejua nikiwa kwenye daladala, siyo kwa kuambiwa: nimefungua tovuti kumwonyesha jirani yangu wa kiti, nikakuta bei za vitanda zote zimebadilishwa saa moja iliyopita.

Kuna kingine ambacho sikukiweka mimi. Binamu ameunda lebo yake: "Ipo tayari." Anaibandika kwenye samani iliyokwisha kupakwa vanishi na imesimama karakanani inangoja mtu, kisha anaiondoa ikinunuliwa. Wiki tatu nilichora visanduku vya mbao na vipimo, hilo halikunijia kabisa. Anasema ndilo wanalouliza wengi, hasa wanaohamia nyumba mwisho wa mwezi.

Nimeshuka Keko kukabidhi. Nywila nimeziandika kwenye karatasi, bahasha, ndani ya kabati lenye vitabu vya risiti. Nikamweleza Mjomba kwamba domeini na seva zinalipiwa mara moja kwa mwaka, Machi, na asipolipa itakuwa yale yale. Akanisikiliza, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akasogea kwenye ubao ulio juu ya mita, pale walipoandika namba ya LUKU, na chini yake akaandika: TOVUTI, MACHI. Kisha akaweka ule mkunjo mdogo pembeni, upande wa uso.